Uzito wa Matusi Mepesi ya Kiingereza

Wafasiri wengi hudhani kwamba taabu ya kufasiri kutoka Kiingereza imo katika maneno makubwa ya sayansi na ya sheria. Sisi tuliokaa miaka mingi tukipitia miswada ya tafsiri twajua kwamba maneno hayo hayasumbui kwa muda mrefu: likikosekana neno, kamati huketi, wajumbe hubishana, na mwisho neno hupatikana. Yanayosumbua ni maneno madogo ambayo kila mwanafunzi hudhani anayajua. Miongoni mwa hayo ni yale yanayohesabiwa na Waingereza kuwa ni matusi mepesi, kama vile "damn", "hell", "bloody", "bugger" na jamaa zao.

Tulipata kuletewa muswada wa mchezo mmoja wa kuigiza uliokuwa umefasiriwa kwa bidii kubwa. Katika onyesho la kwanza mzee mmoja anatafuta miwani yake, haioni, anatamka "damn". Mfasiri aliandika, "Ilaaniwe miwani hii!" Kurasa mbili mbele anaingia rafiki yake, anapata habari kwamba mzee ameshinda bahati nasibu, na kwa furaha anamwita "lucky bastard". Mfasiri, akifuata kamusi yake, aliandika, "Ewe mwanaharamu mwenye bahati!" Mjumbe mmoja wa kamati yetu, mzee wa pwani asiyekijua sana Kiingereza, aliweka karatasi chini akauliza, "Hawa wawili watashikana mashati ukurasa wa ngapi?" Tulipomweleza kwamba hao ni marafiki wa chanda na pete, na kwamba mchezo mzima hauna ugomvi baina yao, alisema basi huyu bwana hakufasiri mchezo, amefasiri kamusi.

Mfasiri yule hakukosea maana. "Damn" kwa asili ni kulaani, na "bastard" kwa asili ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Alichokosa ni uzito, nao haumo katika kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili zilizo mikononi mwetu. Neno moja huwekwa mkabala na neno jingine kana kwamba yamepimwa katika mizani moja, ilhali upande huu ni unyoya na upande ule ni jiwe. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi maneno hayo yalivyopata kuwa mepesi, kwa nani ni mepesi, na mahali gani wepesi huo hukoma.

Yafaa tuanze na jambo lililo wazi lakini lisilotajwa sana. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "swear", kinachobeba mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga kabisa. Shahidi mahakamani "huswear", na baharia mlevi gatini naye "huswear". Kwetu sisi shahidi huapa na mlevi hutukana, hakuna atakayewachanganya. Waingereza wamewachanganya kwa sababu ya historia yao. Katika zama za kati uchafu mkubwa wa maneno haukuwa kutaja sehemu za mwili, bali kuapa ovyo kwa Mungu: kwa damu yake, kwa majeraha yake, kwa mifupa yake. Wahubiri walikemea kwamba mtu aapaye hivyo huuchanachana mwili wa Kristo. Kwa hiyo kiapo cha bure ndicho kilichokuwa tusi, na jina likabaki hata baada ya matusi yenyewe kuhamia kwingine.

Serikali ya Uingereza nayo ililishika jambo hilo kwa sheria. Mwaka 1606 Bunge lilipiga marufuku kutaja kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu katika michezo ya jukwaani, na faini ilikuwa paundi 10 kwa kila kosa, nusu ikiwa ya mfalme na nusu ya yule aliyeshtaki. Sheria nyingine iliyotungwa kati ya mwaka 1745 na 1746 ilipanga faini kwa daraja za watu. Kibarua, askari wa kawaida au baharia alilipa shilingi 1 kwa kila kiapo. Mtu mwingine asiyefikia daraja ya muungwana alilipa shilingi 2. Na muungwana mwenyewe alilipa shilingi 5. Kosa la pili lilikuwa mara mbili, la tatu mara tatu. Msomaji na azingatie kwamba sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1967. Azingatie pia jambo tutakalolirudia baadaye: tangu hapo Waingereza wenyewe waliamini kwamba neno lile lile halina bei moja katika vinywa vyote.

Watu waliokatazwa kuapa hawakuacha kuapa. Walitafuta njia ya kando. Ndipo yalipozuka maneno kama "zounds", ambalo ni majeraha ya Mungu yaliyosagwa yasitambulikane, na "gosh" na "golly" kwa jina la Mungu, "heck" kwa jehanamu, "darn" kwa laana, na "blimey", ambalo lilikuwa dua ya mtu kujiombea upofu. Hii ndiyo tasfida, nasi hatuna haja ya kuishangaa. Kila siku barabarani twasikia "haki ya nani!" kutoka kwa vijana wasiopenda, au wasiothubutu, kusema "haki ya Mungu". Na ndugu zetu wa mwambao husema "wallahi" katika habari ya bei ya ndizi, bila kudhani kwamba wamesimama mbele ya kadhi. Kwa hiyo kuchakaa kwa kiapo si mwujiza wa Kiingereza. Tofauti ni kwamba kwetu kiapo kilichochakaa huwa neno la kusisitizia tu, na kwao kimehesabiwa katika fungu la matusi, hata kama ni la mwisho katika fungu hilo.

Neno linalostahili kukaliwa kitako zaidi ni "bloody". Kwa sura ni sifa tu, "-enye damu", na daktari aweza kulitumia kwa bendeji bila kumwudhi mtu. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 150 lilikuwa neno lisiloandikwa magazetini ila kwa herufi ya kwanza na ya mwisho na kistari katikati. Cha ajabu ni kwamba halikuanza hivyo. Mwaka 1711 Jonathan Swift, ambaye alikuwa kasisi, aliliandika katika barua yake kwa mabibi aliowaheshimu, akieleza tu ukali wa joto la siku hiyo. Baadaye likaanza kushuka daraja. Kamusi kuu ya Kiingereza iliyokuwa ikitungwa Oxford, ilipolifikia katika miaka ya 1880, ilieleza kwamba limo daima vinywani mwa watu wa tabaka la chini kabisa, na kwamba watu wenye heshima huliona kuwa ni la kuchukiza.

Kwa nini lilichukiza? Wengi waliamini kwamba lilikuwa kiapo kwa damu ya Yesu, na wengine kwamba ni jina la Bikira Mariamu lililofupishwa. Wanaisimu wengi hawakubaliani na asili hizo, kwa kuwa mifano ya zamani kabisa haina harufu ya dini. Inahusu ulevi na mambo ya namna hiyo. Lakini hapa pana funzo kwa mtunga kamusi. Asili ya kubuniwa, madhali watu wameiamini, huweza kulitia neno uzito mkubwa kuliko asili yake ya kweli. Haitoshi, basi, kusema neno limetoka wapi; yatupasa tuseme pia watumiaji hudhani limetoka wapi.

Tarehe 11 Aprili 1914, katika ukumbi wa His Majesty's mjini London, ulionyeshwa mchezo wa George Bernard Shaw uitwao *Pygmalion*. Habari yake ni ya msichana muuza maua afundishwaye na profesa wa fonetiki kusema kama bibi wa tabaka la juu. Matamshi yake yamekwisha kunyooka, lakini anapoulizwa na kijana mmoja kama atatembea kwa miguu kupita bustanini, anakataa kwa sauti safi ya kibibi akitia ndani neno "bloody", na kueleza kwamba atapanda teksi. Watazamaji walipigwa na butwaa, kisha walicheka kwa zaidi ya dakika nzima hata mchezo ukasimama. Magazeti yaliyoripoti habari hiyo hayakuthubutu kulichapa neno lenyewe. Kwa muda fulani watu wa mzaha walitumia jina la mchezo badala ya neno, wakisema "Pygmalion" pale ambapo wangesema "bloody". Miaka 42 baadaye, mchezo huo ulipogeuzwa kuwa wa nyimbo kwa jina la *My Fair Lady*, watungaji waliona kwamba neno la Shaw halitamshtua tena mtu yeyote, wakamtia msichana yule neno jingine, la makalio, katika onyesho la mashindano ya farasi.

Hata hivyo si kila mlango ulifunguka kwa pamoja. Mwongozo wa mwaka 1948 uliotolewa na BBC kwa watayarishaji wa vipindi vya burudani uliagiza kwamba "damn", "hell", "blast", "bloody", na hata jina la Mungu litajwapo kwa mshangao, yafutwe katika maandishi yote. Miaka ya 1960 na 1970 ndiyo iliyovunja boma. Udhibiti wa serikali juu ya michezo ya jukwaani ulikoma mwaka 1968, na katika televisheni mhusika maarufu Alf Garnett alilitamka "bloody" mara nyingi kiasi cha kumchosha hata asiyechukizwa. Bibi Mary Whitehouse, aliyeanzisha chama cha watazamaji na wasikilizaji mwaka 1965, alipeleka malalamiko mengi. Hakushinda vita vya neno hilo.

Twajuaje kwamba hakushinda? Mwaka 2000 mashirika ya utangazaji na ya matangazo ya biashara ya Uingereza yalichapisha uchunguzi ambamo watu waliulizwa ukali wa maneno 28. "Bloody" lilikuwa la 27. Chini yake lilibaki moja tu, nalo ni "God", yaani jina la Mungu likitumika kwa kushangaa. Mwaka 2016 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, ilitoa uchunguzi mwingine uliogawa maneno katika madaraja. Katika daraja ya chini kabisa yaliwekwa "damn", "bloody", "bugger", "crap", "arse", "God", "Jesus Christ" na hata "cow" lielekezwalo kwa mwanamke. Maneno ya daraja hiyo hayawatii wasiwasi mkubwa watangazaji hata kabla ya saa tatu usiku, saa ambayo kwa desturi yao vipindi visivyofaa watoto huweza kuanza. (Tunakiri kwamba tulistaajabu kidogo kumwona ng'ombe na jina la Yesu katika zizi moja, lakini hayo ni maoni ya waliohojiwa.)

Jambo la maana zaidi katika chunguzi hizo ni kile kilichopanda wakati mengine yakishuka. Maneno ya kudharau rangi ya mtu, kabila lake au kilema chake, ambayo babu zao waliyatamka mezani bila kusita, sasa yamo karibu na kilele cha ukali. Uchunguzi wa Ofcom wa mwaka 2021 ulionyesha mwelekeo ule ule: watazamaji wamezidi kuyavumilia matusi ya kawaida na wamezidi kuchukizwa na maneno ya ubaguzi. Kwa hiyo anayesema kwamba Waingereza wamepoteza haya ya ulimi hajasema kweli yote. Haya haijatoweka. Imehama kutoka kumchunga Mungu na mwili, ikaenda kumchunga mtu.

Mfano wa kuhama huko ni "bugger". Neno hili limetokana, kwa njia ya Kifaransa, na jina la Wabulgari, kwa sababu katika zama za kati wazushi wa dini waliosemekana kutoka Bulgaria walisingiziwa kila uovu. Likaja kuwa jina la tendo ambalo kwa sheria ya mwaka 1533 adhabu yake Uingereza ilikuwa kifo, na adhabu hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1861. Leo ni neno atamkalo babu aliyedondosha kikombe cha chai. Marekani huweza hata kuwa neno la mapenzi kwa mtoto mtundu, kama sisi tusemavyo "kijitu hiki!" Mfasiri atakayelifuata neno hili mpaka asili yake ataandika jambo la kutisha kinywani mwa babu yule.

Tumekwisha kugusa Marekani, na hapo yafaa tutahadhari, kwa maana mizani ya Kiingereza si moja duniani. Wamarekani hawana habari na "bloody". Kwao ni pambo la Kiingereza cha ng'ambo. Katika filamu ya kwanza ya *Harry Potter*, ya mwaka 2001, mtoto Ron hulitamka pamoja na "hell", na watoto wa Marekani huliiga kama waigavyo lafudhi. Lakini "damn" kwao lina historia ndefu. Kanuni za maadili za wenye viwanda vya filamu zililikataza, na zilirekebishwa tarehe 1 Novemba 1939, wiki chache kabla ya filamu ya *Gone with the Wind* kuonyeshwa, ili neno hilo liweze kuruhusiwa pale ambapo kisa kinalidai. Hadithi isimuliwayo sana, kwamba mtayarishaji alitozwa faini ya dola 5,000, si ya kweli. Hata leo, likiunganishwa na jina la Mungu, neno hilo huwaudhi Wamarekani wengi washikao dini kuliko liwaudhivyo Waingereza. Australia, kwa upande wake, "bloody" limezoeleka hata nchi hiyo ikalitia katika tangazo lake la kuwaita watalii mwaka 2006. Uingereza, nyumbani kwa neno lenyewe, wakaguzi wa matangazo ya televisheni walilizuia kwanza, kisha wakaliachia baada ya malalamiko kutoka Australia. Watu wa lugha moja, na neno moja, katika mwaka mmoja, hawakupatana kama ni zito au jepesi.

Hata hivyo mpaka mkubwa wa wepesi si bahari, ni cheo. Hili twalijua sisi Waafrika ya Mashariki bila kuhitaji uchunguzi wa mtu. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, katika reli na katika jeshi la KAR walilisikia "bloody fool" kila siku, wakalileta nyumbani kwa sura ya "bladifuli". Muulize Mwingereza, atakwambia kwamba maneno hayo ni mepesi, na kwamba marafiki huambiana wakicheka. Ni kweli, huambiana. Lakini msimamizi aliyemwambia hivyo mtu mzima, mwenye wajukuu, mbele ya vijana wake, hakuwa akiambiana; alikuwa akiambia. Neno lisiloweza kurudishwa na aliyeambiwa haliwi jepesi, na hakuna aliyewahi kutueleza kwamba babu yake alilichukua kama mzaha. Walowezi hao hao walilichukua neno letu "shenzi" wakalitia katika Kiingereza chao cha hapa, wakiita mbwa asiye na asili, gari bovu au kazi mbaya. Vinywani mwao lilikuwa neno dogo la kuchekesha. Masikioni mwetu halikuwa dogo hata siku moja.

Turudi, basi, katika kazi. Kwa maoni yetu kosa la kwanza ni kuyatia maneno haya yote chini ya istilahi moja ya "matusi". Tusi kwa Kiswahili lina mtukanaji na mtukanwaji. Mtu aliyejigonga kidole kwa nyundo akasema "damn" hana aliyemtukana. Neno lake ni kihisishi, na lapaswa kufasiriwa kwa kihisishi: "lo!", "ala!", "lahaula!", kwa kadiri ya msemaji na dini yake. "Bloody" likitangulia sifa, kama katika kusema kwamba chai ni moto mno, si tusi wala kihisishi. Kazi yake ni kukoleza. Tungependekeza maneno ya namna hii yaitwe "vikolezo", na wafasiri wayatafutie vikolezo vyetu: "kweli kweli", "si mchezo", "balaa", "kupita kiasi". Neno "tusi" libakie kwa yale yanayomlenga mtu. Wako watakaosema kwamba "kikolezo" kinanuka jikoni. Hatuoni ubaya wake. Mwiko na sufuria vimekwisha kutusaidia zaidi ya mara moja katika kazi ya istilahi.

Kuhusu kamusi, tungependa kila neno la namna hii lipewe, pamoja na maana, alama ya kuonyesha linasemwa na nani kwa nani. Alama ya "lugha chafu" peke yake haimsaidii kijana anayejifunza. Itamfanya akimbie neno ambalo mwalimu wake hulitumia kila asubuhi, au, lisipowekewa alama, itamwacha aliandike katika barua ya kuomba kazi. Jambo hili la pili si la kubuni. Barua ya namna hiyo tumeiona kwa macho yetu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri sana, na mwandishi wake hakuitwa.

Muswada wa mchezo ule ulirudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo, naye hakununa. Katika sura mpya yule mzee husema, "Ala! Miwani hii nayo!" na rafiki yake humwambia, "Una bahati wewe, mtu mbaya!" Mjumbe wetu wa pwani alicheka pale palipostahili kuchekwa. Neno moja tu lilitushughulisha kikao kizima. Katika onyesho la tatu mwenye nyumba anamwita mtumishi wake "bloody" hivi na "bloody" vile, na mfasiri, akiwa sasa amejifunza, alikuwa ameweka vikolezo kila mahali, vyepesi na vya kuchekesha. Mzee aliomba asomewe tena maneno hayo, na aelezwe nani anasema na nani anasikiliza. Kisha alichukua kalamu, akavifuta vyote, na mahali pa cha kwanza akaandika "mshenzi".